Kuhusu Mto Uliopewa Likizo na Mierebi Isiyokatwa

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Mito.

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni Zdzisław Kurzępa, fundi mwashi, mwenyekiti wa Kamati ya Matawi ya Mokrzec ya Chini. Ninakuandikia kwa heshima zote, ingawa kamati iliniagiza niandike kwa hasira.

Miaka mitatu iliyopita ofisi yako ilibomoa tuta la mawe lililotuzuilia mto, ikaupa mto malisho yetu "upate pa kupumzikia", kisha ikapanda mierebi, ile miti ya fito laini, kandokando. Mhandisi wako, Bi Kalina Droździel, alituonyesha picha ukutani, akasema mizizi nayo ni ukuta. Picha zilizofuata sizijui, nilisinzia. Malalamiko yetu ni haya:

1. Mto umepewa likizo. Mimi nimejenga kuta tangu ujana wangu na sijapewa hata kiti.

2. Dada yangu Bogumiła ni mjane, na nyumba yake ndiyo ya mwisho bondeni. Ukingo umemegeka hadi nyuma ya banda lake la kuku. Mafuriko yameingia nyumbani mwake mara mbili. Tangu hapo viatu vyake hukaa juu ya kabati, na mvua ikianza tu hulala na koti. Ninamwonea uchungu sana. Yeye anahitaji zege, ninyi mmempandia fito.

3. Mitende kwetu haioti, kwa hiyo Jumapili ya Matawi sisi husuka tawi la fito za mierebi, bila msumari wala waya, tukalipamba kwa maua ya karatasi na kulisimamisha kwa mikono mbele ya kanisa. Kijiji chenye tawi refu ndicho kinachoshinda. Mokrzec ya Juu hutushinda kila mwaka, tena hawajui kushinda kwa adabu. Hutuuliza, "Jamani, hilo ni tawi au ufagio?" Mwaka huu tukavuna fito kwenye mierebi yako. Bi Kalina akatufuma, akatutoza faini. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi ni za Bwana Yesu." Akajibu, "Mzee, Yesu aliingia Yerusalemu na punda, si na msumeno." Watu wakacheka, hata wanakamati wangu mwenyewe.

4. Biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia kama mwiko, hukata mierebi hiyo hiyo kila siku, wala hatozwi chochote. Nilipouliza, nikaambiwa yeye ni sehemu ya asili. Bwana Mkurugenzi, mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu, na babu yangu. Mierebi yako ililetwa na lori. Naomba niandikishwe kuwa sehemu ya asili, nipate haki zote alizo nazo biva.

5. Kwa kuwa tulizuiwa kukata, fito zetu zilikuwa chache, na tawi lilipokaribia kusimama wima likakatika katikati, mbele ya padre na mbele ya Mokrzec ya Juu nzima. Aibu hiyo imetokana moja kwa moja na sera yako ya mafuriko. Tulilikokota hadi nyuma ya banda la Bogumiła, tukalitupa kwenye ukingo uliomegeka, tukalipigilia vigingi ili wale wa Juu wasije wakalichukua kwenda kuchekea.

Kwa hiyo tunaomba mierebi ing'olewe, na ujengwe ukuta wa zege mrefu kuliko mnara wa kanisa. Zege ikikosekana, basi mto uhamishiwe bonde jingine, na Mokrzec ya Juu wauage kabla yetu, maana wao hupenda kutangulia.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na mlinzi wa mlangoni. Bi Kalina naye msalimie, ila kwa kiasi. Bogumiła anakusalimu.

Mimi mwenye uchungu na haki,
Zdzisław Kurzępa

Nyongeza: Barua hii ilikuwa ingali mezani, wiki kadhaa sasa, ikisubiri stempu, mvua kubwa ilipoanza. Mto ulifurika, ukaingia malishoni, ukatulia humo kama ng'ombe aliyeshiba. Maji yaliyobaki yakashuka kwa Bogumiła. Nilikimbia kwenda kumtoa, nikamkuta nyuma ya banda, na koti lake, ameduwaa.

Tawi letu limechipua. Fito zimeshika ukingo kwa mizizi, maji yanazigonga na kurudi, mekundu kwa rangi ya maua ya karatasi. Halikumegeka hata bonge moja la udongo. Bogumiła akaniambia, "Kaka, mwaka huu umeshinda." Nililia.

Bi Kalina alifika kesho yake, akachutama, akalishika tawi. "Mzee, hiki ndicho nilichowaonyesha kwenye picha ya pili."

Zege msilete, lori litakanyaga machipukizi. Leteni fito. Nimelizungushia tawi ua na kuweka kibao cha kukataza kukata. Bogumiła ameshusha viatu, viko sakafuni karibu na mlango, kama vya watu wengine.

Jana nimewaona wawili wa Mokrzec ya Juu wakilipima tawi letu kwa macho. Naomba watozwe faini mapema. Na biva naye.