Mti Uliolenga Kitanda Changu

Jumatatu, 3 Juni
Nimeupima mti wa uani, ule mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Fimbo, kivuli, hesabu za sekondari. Ukianguka upande wetu, kilele kinatua kitandani kwangu. Si miguuni. Kichwani! Nikampelekea Baba mchoro. Akauliza mbona aliyelala hana shingo. Akasema mti aliukuta na atauacha. Mama akasema, mwanangu, kula kwanza.

Jumanne, 4 Juni
Upepo mchana kutwa. Matawi yanapapasa bati. Basi, kama mti hauhami, nahama mimi. Kaka ana chumba cha peke yake karibu na geti, ng'ambo ya ua. Nikamsifia changu: ubaridi, ndege, utulivu. Hesabu sikuzitaja. Akakubali upesi mno. Kwa nini upesi? Akacheka tu, eti mizigo nibebe mwenyewe, Profesa.

Alhamisi, 6 Juni
Dhamiri inanisuta. Kaka ni mvivu, lakini ni kaka. Nikamwambia Mama kwamba sasa anayelala chini ya mti ni Kaka. Mama akaweka mwiko chini. Mwanawe wa kiume? Chini ya mti ule? Kufikia mchana Baba alikuwa ameshampigia simu mkata miti. Mimi nimelala pale tangu utotoni! Naandika tu.

Jumamosi, 8 Juni
Mkata miti kaja na kamba na msumeno wa mashine. Akauliza auangushie wapi. Baba, bado amenuna, akasema aulizwe Profesa, ndiye mwenye mchoro. Nikaonyesha upande mtupu wa karatasi. Mbali na Kaka. Mkata miti akatazama kule getini, akauliza, dada, una hakika? Nikasema hesabu ni hesabu.
Mti ukalala taratibu, kwa heshima zote, ukapasua paa la chumba cha geti. Chumba changu! Sikuwa nimekichora. Siku ile hakikunihusu. Kilele kimetua kitandani. Kichwani. Kumbe urefu niliupata sawasawa! Nikamwambia Baba hivyo. Hakufurahi.

Jumapili, 9 Juni
Kochi la sebuleni. Kaka amegoma kurudishiana vyumba. Eti kule sasa kuna mwanga na hewa. Kila akipita anauliza, Profesa, leo tunahamia wapi?
Mti ulipoondoka, dirisha la sebule sasa linaonyesha hadi kwa jirani. Ana tangi la maji juu ya vyuma virefu. Limeinama. Au ni mimi niliyeinamisha kichwa? Nimechukua fimbo, nimetoka, nimepima kivuli.
Ni kochi. Upande wa kichwani.
Chumba cha wazazi kiko upande wa pili kabisa wa nyumba. Kesho naanza kumsifia Mama hili kochi.