Bumbuwazi la Mfalme wa Chumvi

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Mvua, na ngurumo tangu alfajiri. Ndivyo Novemba inavyoingia Kanazawa. Nimefika kazini soksi zimelowa.

Mkutano wa asubuhi. Gemu yetu inakamilika mwezi ujao. Mimi ndiye mpangaji wa mapigano: nani anapiga kabla ya nani, pigo linaumiza kiasi gani, sumu inaua baada ya muda gani. Katika maradhi yote niliyoyaingiza humo, ninalolionea fahari ni bumbuwazi. Kati ya mashujaa wanne yumo mpishi wa jeshi, Okiku. Zamu yake ikifika, anagonga sufuria kwa upawa. Adui anapigwa na bumbuwazi: nyota zinamzunguka kichwani, zamu yake inampita, amesimama tu. Ni kazi nzuri sana. Nasema hivyo bila upendeleo.

Tsukuda-san, yule mwanamke anayetengeneza maadui, ametangaza mbele ya watu kwamba maadui wake wakubwa wote amewapa kinga dhidi ya bumbuwazi. Wote. Maana yake sufuria yangu itawasumbua panya na vyura, basi. Nikamwuliza kwa upole sababu ni nini.

"Kuwabara-san, mfalme aliyeangamiza nchi nzima atashtushwa na sufuria? Hata mama yangu hashtuki."

Watu wakacheka. Nikaandika neno kwenye karatasi ili nionekane nina shughuli.

Mkuu wetu, Nagamine-san, akatoa uamuzi. Ijumaa mzee Omote, mwenye kampuni, atacheza pambano la mwisho yeye mwenyewe, kama kawaida yake. Sufuria isipomsaidia kitu, bumbuwazi linaondolewa, na Okiku naye anaondoka nalo. Miaka miwili ya maisha yangu.

Simchukii Tsukuda. Nataka tu ashindwe.

Jumanne, 10 Novemba

Nimemnunulia Iwase-san maandazi ya maharage matamu. Iwase ndiye anayeandika programu. Kila namba ya gemu inapita mikononi mwake. Nikamwomba aongeze kidogo nguvu ya bumbuwazi. Akala andazi la kwanza, akala la pili, kisha akaniambia namba hizo ziko wazi, mtu yeyote kati yetu anaweza kuzibadilisha, kwa hiyo nilikuwa na haja gani ya kumhonga. Maandazi hakuyarudisha. Akaongeza kwamba nikigusa chochote nimwarifu Tsukuda.

Hilo la mwisho sikulisikia vizuri.

Nikabadilisha mwenyewe. Zamani sufuria ilifaulu mara tatu katika kumi. Sasa mara tisa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 11 Novemba

Nagamine-san ameuawa na chura.

Ilikuwa kwenye mashamba ya mpunga ya mwanzo kabisa, mahali ambapo mchezaji bado anajifunza kutembea. Inaonekana ile tisa yangu niliiweka mstari wa chini yake, penye ulimi wa chura. Vyura wawili waliwapiga mashujaa wote bumbuwazi, zamu baada ya zamu, mpaka wakafa wamesimama. Nagamine akaanza upya. Wakafa tena. Akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyewapa vyura mamlaka haya.

Mimi nilikuwa nachonga penseli.

Tsukuda alinifuata jikoni baadaye. Alijua ni mimi, sijui alijuaje. Akanishukuru. Akasema vyura wale siku zote aliwaona wamepungukiwa na kitu, na sasa angalau mchezaji atawaheshimu. Akanigawia yai kutoka kwenye bakuli lake la odeni, ule mchuzi wa mayai na figili. Nikalila, nilikuwa na njaa. Lisihesabiwe kuwa ni urafiki.

Alhamisi, 12 Novemba

Tsukuda yuko kwa daktari wa meno.

Nimemvua Mfalme wa Chumvi kinga yake. Huyo ndiye adui wa mwisho, kipenzi cha Tsukuda. Halafu nikafikiri, kwa nini bumbuwazi limshike zamu moja tu? Nikalipanga lisimwachie mpaka apigwe. Mzee Omote aone kitu cha kukumbuka. Nimemweka Okiku mbele ili awe wa kwanza kutenda. Ile tisa nimeihamishia kwa sufuria, na mara hii nimehakiki mstari.

Sikujaribu kucheza. Kazi iliyo sawa haihitaji kujaribiwa, na msimu wa kaa umefunguliwa, na foleni sokoni ni ndefu.

Ijumaa, 13 Novemba

Nitaeleza kwa mpangilio.

Mzee Omote alikuja saa nne, akaketi sakafuni kwenye mto mbele ya televisheni. Ni mtu mkubwa. Ujanani alicheza mieleka ya sumo chuoni, na magoti yake hayajamsamehe. Sisi tukakaa nyuma yake. Tsukuda shavu limemvimba kama ameficha chungwa. Nagamine alikuwa na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Mwaka mzima ameandika maneno ya Mfalme wa Chumvi na kuyafuta na kuyaandika tena. Zamu ya kwanza ya mfalme si pigo. Anazungumza. Anasimulia jinsi binti yake alivyokufa na kwa nini aliigeuza bahari kuwa chumvi. Bila maneno hayo, ni zimwi tu lenye taji.

Zamu ya kwanza. Mzee alipofika kwa Okiku nikakohoa. Akachagua sufuria. Ngaa! Nyota zikamzunguka mfalme. Karibu nipige makofi.

Zamu ya mfalme ikaja, ikampita. Hakusema neno.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu aliyepigwa na bumbuwazi hahutubii.

Mzee akangoja. Akauliza mbona huyu bwana hasemi, maana Nagamine amemweleza habari za hotuba yake tangu majira ya kuchipua. Mfalme aliyumba kidogo, mdomo wazi, kama babu aliyesahau kilichomtoa nyumbani. Mzee akawaamuru mashujaa wote wajilinde, hakuna kupiga. Zamu ikazunguka. Akaamuru tena wajilinde. Mfalme vilevile.

Nikaona nimsaidie.

"Mpige tu, mzee. Akipigwa ataamka."

Mzee Omote akageuka taratibu, mabega yote mawili.

"Kuwabara, kwenu mnaamshana hivyo?"

Masikio yangu yakawaka moto. Iwase alikuwa anaangalia dari. Nagamine alikuwa ananiangalia mimi. Nikafungua mdomo kueleza kwamba mfalme, ukweli ni ukweli, ni kazi ya Tsukuda. Kabla sijatoa sauti, Tsukuda mwenyewe akasimama, mkono shavuni, akainama mpaka kiunoni. Akasema kosa limo kwa adui wake, alivuruga kinga na hakujaribu, anaomba radhi, apewe nusu saa arekebishe.

Mzee akasema hapana. Akaendelea kumtazama mfalme.

"Mtu akianguka ulingoni unampa mkono," akasema. "Hapa pa kumpa mkono ni wapi?"

Akapitia orodha ya amri. Piga. Uchawi. Vitu. Jilinde. Kimbia.

"Hapana pa kumpa mkono," akasema.

Akaweka chombo cha kuchezea chini, akajiinua kwa kushika meza, akasema patengenezwe. Anataka kusikia yule bwana alitaka kusema nini. Mlangoni akageuka akamtazama mfalme mara nyingine, kama mtu anayemwacha mgonjwa wodini. Nagamine akafuta miwani kwa muda mrefu.

Jumamosi, 14 Novemba

Tumeitwa kazini. Amri imetoka: bumbuwazi linabaki. Okiku anabaki. Linamshika hata Mfalme wa Chumvi, na mchezaji anaongezewa amri mpya, Mpe Mkono. Ukimpiga aliyeduwaa, unashinda upesi na hutajua kamwe alikuwa na lipi moyoni. Ukimpa mkono, anaketi chini na kusimulia. Nagamine ameshaanza kumwandikia maneno mengine. Anaandika huku anatabasamu, jambo ambalo sijaliona tangu nijiunge na kampuni hii.

Wa kusimamia kazi hiyo ni Tsukuda. Mimi ni msaidizi wake.

Ndipo nikaung'amua mchezo mzima. Alijibebesha kosa langu mbele ya mzee ili achukue kazi yangu. Ni akili ya hali ya juu, lazima nikiri.

Nilimdokezea Iwase. Akaacha kuandika.

"Kuwabara-san, kompyuta inaonyesha nani amebadilisha nini. Tuliona jina lako sote jana, mzee akiwa tayari anapanda ngazi, hapakuwa na muda wa kurudisha. Nagamine alikuwa akufukuze. Tsukuda ndiye aliyemwomba akuache."

Nimeandika hapa kwamba Iwase naye yuko upande wa Tsukuda.

Jumatatu, 16 Novemba

Baridi. Mvua ndogo.

Tsukuda ameniletea kaa wawili majike kutoka kwa mjomba wake anayeishi mji wa Nanao, mayai yamejaa. Amesema ananiona sina raha. Nimewala wote chakula cha mchana. Watamu mno. Dhamiri inamsuta, ni dhahiri.

Amri Mpe Mkono imeanza kufanya kazi. Tulijaribu wote. Mfalme aliushika mkono wa Okiku, akaketi, akazungumza habari za binti yake, na wote wakasogea karibu na televisheni. Hata mimi nilisogea, nikakohoa kidogo. Huenda ni ganda la kaa.

Jioni Nagamine-san aliniita. Amenipa ugonjwa wa usingizi niutengeneze. Usingizi peke yake. Ameniomba, kwa maneno mazuri, nisiguse kitu kingine chochote. Nikaahidi.

Nikafungua namba. Maadui wakubwa wote wa Tsukuda wana kinga dhidi ya usingizi. Wote. Hata Kobe wa Mlimani, ambaye anaingia vitani amelala, anakoroma.

Kesho nafika kabla ya watu. Ahadi naitunza: sitagusa kitu kingine. Lakini kobe amelala, na usingizi ni wangu.