Soko Lililoondolewa Ili Lionekane

Halmashauri ya mji wa Cotterwell ilitangaza kwa fahari kwamba Jumamosi ingepokea watalii wa siku moja kutoka Birmingham, waje kuona soko la kale na kula chakula cha mchana kwenye baa. Ili soko lionekane vizuri, wachuuzi wote waliamriwa waondoke uwanjani. Meza za jibini na kabichi, alifafanua Mwenyekiti Desmond Fairclough, zilikuwa zikiziba mandhari ya soko.

Trevor, muuza jibini, aliuliza wageni watajuaje kuwa pale ni sokoni. Mwenyekiti akamweleza, kwa upole anaostahili mtu asiyesomea mipango miji, kwamba kuna kibao. Kweli kilikuwepo, kipya, kimeandikwa SOKO.

"Basi wakinunue hicho kibao," Trevor akasema, akakunja turubai lake.

Wachuuzi wakahamia ua wa nyuma wa baa ya Beryl Ockenden, mama ambaye halmashauri ilikwisha kumwonya kwa kosa la kupendwa na wateja kupita kiasi.

Basi lilifika na manyunyu. Watalii wakautazama uwanja mtupu, wakakitazama kibao, wakasema kibao ni kizuri. Desmond akafungua hotuba yake juu ya Mkakati wa Uchangamfu Endelevu. Alipofika kwenye malengo ya muda wa kati, harufu ya nyama ya kuoka ilikuja na upepo, na nyuma yake sauti ya Trevor akinadi jibini. Mgeni mmoja akaomba radhi, akaondoka. Wa pili akaomba radhi. Wakaendelea kuomba radhi hivyo hivyo hadi wakaisha.

Mwenyekiti aliimaliza hotuba, kwa kuwa ilikwisha kupitishwa na kamati, kisha akawakatia njiwa waliobaki uwanjani utepe wa uzinduzi.

Alipoingia baa alikuwa amelowa chapachapa na tumbo linanguruma. Hapakuwa na kiti. Wageni walikuwa wamebanana na vikapu vyao vya kabichi, wanacheka kana kwamba hawakuwa na mkakati wowote. Beryl akamwambia avue koti, akajikaushe jikoni. Akabaki na shati jeupe na kizibao cheusi, kama mhudumu wa baa. Hajakaa sawasawa, Beryl akamtwika sahani tatu.

"Mheshimiwa, naona mikono yako haina kazi. Peleka meza ya dirishani."

Alitaka kumkumbusha cheo chake, lakini sahani zilikuwa za moto na hakuna aliyemsikiliza. Akazipeleka. Akarudi, akapeleka nyingine. Watu walimshukuru, jambo ambalo halikuwahi kumtokea katika miaka yote ya uongozi, naye akaona haya kwamba limemfurahisha.

Kwenye meza ya dirishani aliketi bibi mmoja wa wale watalii, Winifred, aliyemwomba mchuzi zaidi. Alipomletea, bibi akamshika mkono.

"Kijana, una adabu wewe. Ndio watu wa kuongoza mji huu, si yule punguani wa uwanjani. Wauzaji wamefukuzwa, kimebaki kibao. Yule ni nani, mwanangu?"

Trevor alikuwa mlangoni na bonge la jibini kifuani, anasubiri jibu. Beryl naye akaacha kumimina bia.

Desmond akaliweka bakuli la mchuzi mezani taratibu, asimwage.

"Simfahamu, mama," akasema. "Mimi hapa ni mtumishi tu."