Chetezo Ndani ya Gari

Nimeumbuka leo, wenzangu. Mchana kweupe, Idi pili, mbele ya ukoo mzima.

Kwanza mjue kosa lilianzia wapi. Mie ndiye mkubwa kwetu, na tangu mama afariki, Idi yote huliwa nyumbani kwangu Sib. Yote! Asubuhi watu arubaini, mchana watu arubaini (ni walewale, hawajaondoka). Mimi na mume wangu, Bwana Seif, tumestaafu kazi zote isipokuwa hiyo. Mwaka huu miguu yangu imegoma. Lakini kumwambia mdogo wangu Zeyana asije kwangu Idi siwezi, ataona nimemfukuza. Basi nikafanya ustaarabu. Nikadanganya.

Bwana Seif amenunua gari la kustaafia, lile lenye kitanda, jiko na choo humohumo. Jipya kabisa, hata ndugu hawajaliona. Nikatangaza kwenye kundi la familia kwamba tunakwenda nalo Salalah, kule kusini ng'ambo ya jangwa. Kilomita elfu moja! Nani atatufuata? Tukafunga nyumba, tukaendesha hata saa nzima haikufika, tukaegesha ufukweni Bustan.

Idi mosi tulilala. Raha ile sina maneno ya kuieleza.

Leo Zeyana akaniuliza kwa simu tumefika wapi. Nikamrekodia sauti: "Tupo njiani bado, jangwa tu kulia na kushoto." Bwana Seif akawasha feni mbele ya simu ili usikike upepo. (Huyu alikuwa mwalimu mkuu! Amechapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.)

Kisha nikaoga, nikavaa gauni jipya. Sasa Idi bila udi ni Idi gani? Nikawasha kaa kwenye jiko la gesi, nikalitia kwenye chetezo, nikaweka udi juu yake. Nikakiweka chini, nikasimama nikakifunika kwa gauni, moshi upande taratibu ndani ya nguo kama alivyotufunza mama. Sib hufanya hivyo chumbani, na dari ipo juu huko. Humu dari inagusa ushungi wangu, mapazia nimeyashusha, na madirisha nimeyafunga kwa ajili ya kiyoyozi.

"Mama Khalfan, huo moshi si mwingi?" akaniuliza Bwana Seif.

"Udi haujapata kuwa mwingi," nikamjibu.

Mara dari ikapiga ukelele. Kumbe kuna king'ora cha moshi! (Muuzaji alituonyesha. Sisi tulikuwa tunatazama friji.) Bwana Seif akafungua mlango akatoka mbio, akaniacha. Miaka arubaini ya ndoa! Nami nikatoka nyuma yake, chetezo mkononi, moshi ukinifuka shingoni na kwenye mikono ya gauni.

Ufukwe mzima ukageuka. Sauti ya mwanamme ikapaza: "Huyo mama anawaka moto!" Kabla sijatamka neno, ndoo nzima ya maji ya bahari ikanipata ya uso. Udi wangu mzuri ukalia pshii, ukafa.

Nikafuta macho. Aliyeshika ndoo alikuwa Hamdan, mume wa Zeyana.

"Shemeji?" akasema. "Si mpo Salalah?"

Nyuma yake, juu ya mikeka: kaka zangu wawili, wake zao, watoto wao, sufuria la biriani. Na Zeyana, simu mkononi, akiwasikilizisha wenziwe sauti yangu. Ilikuwa ndiyo kwanza imefika mahali pake: "...jangwa tu kulia na kushoto."

Nikaona bora nianze mimi kuwa mkali. "Nyinyi mnafanya nini huku?"

"Dada, nyumba yako si umeifunga?" akajibu Zeyana. "Tungekwenda wapi?"

Nikamtafuta Bwana Seif anisaidie. Alikuwa ametupa mgongo, anatazama bahari.

Wote walicheka, Zeyana hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ndoo. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, umetukimbia sisi?"

Sikuwa na jangwa jingine la kujifichia. "Nimechoka, mdogo wangu," nikasema. "Nnawapenda, wallahi, lakini miguu inaniuma, nimechoka kupikia watu arubaini."

Akaitazama miguu yangu. Nikajua ndiyo nimeshamvunja moyo.

"Ungelisema tu," akasema. "Kwani sisi hatuna mikono?"

Akanivua ule ushungi uliorowa, akanitanda kanga yake, akaniketisha mkekani, akanipakulia sahani. Nami sikumbuki lini mara ya mwisho nilipakuliwa chakula siku ya Idi. Nikalia kidogo. (Nikawaambia ni maji ya bahari.)

Naandika haya nikiwa mkekani, nimekatazwa kuosha hata kijiko. Idi ijayo italiwa kwa Zeyana. Bwana Seif amesharudi kutoka kutazama bahari, biriani ilipofunuliwa. Na kundi la familia limebadilishwa jina, sasa linaitwa "Wasafiri wa Salalah".

Msinicheke, nawaombeni, nimeshachekwa vya kutosha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya kilomita elfu moja, na imeishia Bustan.