Gari la Baba Mkwe na Gia Zilizogoma

Jumatatu, 9 Juni

Gari limelala kwangu. Limelala kwangu! Nimelichungulia dirishani tena na tena, na bado lipo.

Mambo yako hivi. Baba mkwe amekatazwa kuendesha na daktari wa macho. Hana mtoto wa kiume. Ana wakwe wawili: mimi, na mwanyumba wangu aliyeoa mdogo wa mke wangu. Huyo anauza dawa famasi na koti jeupe halimtoki hata siku za mapumziko. Mimi humwita Dokta wa Kaunta, ila si mbele ya watu. Jumapili kila mmoja wetu atapewa zamu ya kuwaendesha Baba na Mama. Atakayewaendesha vizuri ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Baba kasema hivyo, na Baba akisema kasema.

Gari lenyewe ni la zamani, la gia za mkono. Si hoja. Hoja ni kwamba Dokta wa Kaunta huitwa "mwanangu". Mimi, tangu nimwoe binti yake mkubwa, naitwa "wewe wa mazulia". Ni kweli nauza mazulia. Lakini muuza dawa mbona haitwi "wewe wa vidonge"?

Mpango: nimejitolea kukaa na gari wiki nzima, nilioshe, nilikague, tuzoeane. Mwanyumba akakubali papo hapo huku akitabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Leo nimeanza na sakafu. Mipira ya miguuni ilikuwa imechakaa, aibu tupu. Nimeitupa. Nimekata zulia la kijani lenye manyoya, bora kuliko yote dukani, likakaa kama limezaliwa humo. Upande wa dereva, penye mguu wa kushoto, nimeweka tabaka mbili. Mguu ule hufanya kazi kubwa, nao ustarehe. Kipande kilichobaki nimekitandika chumbani kwetu, hapo mlangoni. Mke wangu kauliza kama si nene mno. Nikamwambia hakuna zulia lililowahi kuwa nene mno tangu dunia iumbwe.

Jumanne, 10 Juni

Gari linaumwa.

Jana asubuhi nilipolitoa kwa Baba lilikuwa halina neno. Leo gia ya kwanza inaingia kwa kubembelezwa. Ya pili kwa kulazimishwa. Rivasi ndiyo usiseme: inasaga, kraaa, mtaa mzima unageuka. Kinyozi wa jirani alitoka nje na wembe mkononi, na mteja wake nyuma yake, nusu ya shavu ina povu. Nikawapungia mkono kama mtu asiye na shida.

Nimekaa nikafikiri. Gari haliwezi kuugua kwa siku moja. Ama liliugua zamani na Baba akanyamaza, ama Dokta wa Kaunta kalichezea. Baba si mtu wa kunyamaza. Kwa hiyo nimeshamjua mbaya wangu.

Mke wangu anasema mlango wa chumbani umekuwa mgumu kufunga. Nimeuangalia. Ni bawaba. Nyumba inazeeka kama sisi.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda gereji. Fundi ni mwanamke, mafundi wenzake wanamwita Mama Spana, na haoni haya kumkatisha mteja maneno. Kabla ya kuingia nililitoa zulia langu, nikalikunja, nikalikumbatia. Gereji ni grisi kila mahali na mimi si mwendawazimu.

Mama Spana akakaa, akawasha, akakanyaga klachi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, rivasi. Kimya. Laini kama kisu kwenye siagi. Akaniangalia. Nikamwapia kwamba jana lilikuwa linasaga. Akauliza: injini ikiwa imezimwa, gia zinaingiaje? Sikujua. Akasema nikajaribu nyumbani. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, ugonjwa uko kwenye giaboksi au kwenye vyuma vinavyovuta gia. Zikiingia vizuri imezimwa na kukataa ikiwaka, basi klachi haiachii, injini inaendelea kuizungusha giaboksi wakati ambapo ingepaswa kuiacha.

Nimeandika hayo kichwani. Nje ya lango nikalirudisha zulia mahali pake, nikalipiga mswaki, nikawasha gari. Kraaa!

Kumbe gari lina unafiki. Mbele ya fundi linajifanya zima.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya jaribio. Imezimwa: gia zinaingia bila neno. Imewashwa: vita. Kwa hiyo ni klachi. Nimejisikia daktari bingwa. Nikamweleza mke wangu kwa urefu habari za klachi, akasikiliza huku akiusukuma mlango wa chumbani kwa bega.

Halafu wazo likanijia. Mbona nihangaike peke yangu? Nikampigia mwanyumba, nikamwambia kwa upole aje azungushe gari kidogo kabla ya Jumapili, haki itendeke. Nia yangu: asage gia mbele ya kinyozi na wateja wake, habari zimfikie Baba. Kinyozi hana siri.

Akaja, koti jeupe, viatu vina tope la njiani. Nikaona hapana, zulia langu halikanyagwi na viatu hivyo. Nikalitoa, nikaliweka begani, nikamkaribisha.

Akaondoka. Akaenda mpaka mwisho wa barabara, akageuza kwa rivasi, akarudi. Sikusikia hata mkwaruzo. Kinyozi akapiga makofi. Dokta wa Kaunta akashuka akaniambia gari ni zuri sana, mwanyumba, umelitunza. Roho imeniuma kweli kweli, sitadanganya. Kumbe hata gari la Baba linamwita mwanangu.

Alipoondoka nikatandika zulia, nikajaribu. Kraaa. Mteja wa kinyozi akacheka mpaka akakatwa sikio.

Ijumaa, 13 Juni

Gereji tena, zulia kwapani. Nimemwambia Mama Spana majibu ya jaribio. Akafungua boneti, akaangalia mafuta ya klachi. Yamejaa. Akatafuta mahali yanapovuja. Hayavuji. Akaniweka kwenye pedali, nikanyage na kuachia, nikanyage na kuachia, yeye huko chini akitoa hewa kwenye mfumo. Hewa hakuna. Akasema klachi pleti ingekuwa imeisha, gari lingekosa nguvu mlimani huku injini ikinguruma bure. Haliko hivyo. Akaketi juu ya tairi, akafuta mikono.

Akaamua tutoke pamoja, mimi niendeshe yeye aangalie mguu. Nikaendesha. Vizuri kabisa. Hata mimi nilishangaa. Akasema neno moja tu: "Ukiwa nyumbani hukanyagi mpaka mwisho. Klachi hukanyagwa mpaka ifike chini."

Nimeudhika. Nakanyaga mpaka pedali inagota, haiendi zaidi! Lakini basi, huenda ni kweli mguu wangu una udhaifu, na nikiwa na wasiwasi hulegea. Ugonjwa umepatikana: si gari, ni mguu.

Jumamosi, 14 Juni

Duka nimefunga mapema. Mazoezi. Nimekaa kwenye kochi, nikaegemeza mto ukutani, nikaukanyaga kwa mguu wa kushoto mpaka nikatoa jasho. Mke wangu akapita, akasimama, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia naimarisha klachi. Akasema, baba watoto, hebu tuliangalie lile zulia la garini, maana hapa chumbani— Nikamkatisha. Mambo ya bawaba yasubiri, kesho ndiyo siku yangu.

Nikaenda garini kupima mazoezi. Kraaa. Bado kidogo, nadhani. Nimerudi kwenye mto.

Paja limevimba. Kushuka ngazi nashuka kinyumenyume.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa sababu lazima niandike.

Tulifika kwa Baba mimi na mke wangu, gari linang'aa, zulia nimelichana manyoya kwa kitana. Mama alilisifia. Baba aliliona kwa mkono, akainama akalipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajua hapa nimeshapata. Baba akakaa mbele, Mama na mwanyumba nyuma. Mke wangu na mdogo wake wakabaki barazani kutuangalia. Zamu ya kwanza yangu.

Rivasi ya kutoka uani: kraaa. Baba akashika mlango. Mama akaniambia polepole, baba. Nikakanyaga klachi kwa paja lote bovu. Kraaa tena. Ikaingia kwa kishindo, tukatoka kama tumesukumwa na mtu. Ya kwanza ikagoma. Nikaweka ya pili, gari likatetemeka, likazima. Nikawasha. Likazima. Kwenye kilima cha kwenda sokoni nililazimika kupunguza gia, haikuingia hata moja, gari likaanza kurudi nyuma kuelekea kwa muuza viti vya plastiki. Akaanza kuviokoa viti vyake kimoja kimoja. Nikavuta breki ya mkono. Tukasimama. Hakuna aliyeumia, ila kiti kimoja.

Baba akaninyooshea mkono, akaniwekea begani. Akasema taratibu:

"Mwanangu, shuka."

Nikashuka. Mwanyumba akaja upande wa dereva, akatazama chini, akatazama viatu vyake. Akakunja zulia lote, akanikabidhi, akasema shika mwanyumba, ni zuri mno, nisije nikalichafua. Akaendesha mpaka sokoni, akarudi, Mama akasinzia njiani. Mimi nimekaa nyuma pembeni yake, zulia mapajani, manyoya yananiingia puani.

Langoni Baba akampa ufunguo. Sikulia. Nilipiga chafya.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi mke wangu alinikalisha kitandani akanieleza kitu cha ajabu. Anasema kosa ni zulia. Anasema lilizuia pedali isifike chini, klachi haikuachia, ndiyo maana kila nilipolitoa gari lilipona. Anasema alitaka kuniambia tangu Jumanne, alipoona mlango wa chumbani umekwama juu ya kile kipande kingine, na Jumamosi nikamkatisha. Anasema jana jioni kampigia Mama Spana kumsimulia, na Mama Spana kacheka mpaka kaweka simu chini.

Nimemsikiliza kwa heshima, ni mke wangu. Lakini mtu awe na akili. Zulia ni kitu cha kukanyagwa. Litazuiaje kukanyaga? Na kama lilikuwa nene mno, mbona Baba alilipapasa akaridhika?

Kwa kweli sina kinyongo. Gari limekwenda, sawa. Lakini Baba kaniita mwanangu. Kaniita mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya Mama, mwanyumba, na muuza viti. Neno lile sitalirudisha. Kwa shukrani nimewatengenezea zawadi: zulia jipya la gari, la buluu, tabaka tatu, lenye mpira chini lisiteleze. Mwanyumba kaahidi kulichukua mwisho wa wiki. Safari hii hakutabasamu, nimeona.

Mchana seremala kaja kwa ajili ya mlango wa chumbani. Kaangalia bawaba, kaangalia chini, kainua kile kipande cha zulia kwa vidole viwili, akauliza kwa nini asikipunguze tu. Nikamwambia aachane na zulia. Akate mlango.