Siku Mkurugenzi Aliponyamazishwa

Enyi mnaonyonyesha huku mkiandika barua za kazi kwa mkono mmoja, sogeeni! Kaeni kitako niwasimulie vita vilivyopiganwa saa nne asubuhi juu ya meza ya kulia chakula, baina ya uji uliomwagika na nepi zilizosubiri kukunjwa.

Shujaa wetu, Mhandisi wa Mabomba, Mbeba Mtoto kwa Kushoto na Mchora Ramani kwa Kulia, alikuwa amerejea kazini wiki hiyo kutoka likizo ya uzazi. Mradi wa maji alioubuni mwenyewe, akauhangaikia miaka miwili, ulikuwa mbioni kupewa mwenzake mmoja mwenye tai, eti mzazi hana muda. Aliahidiwa dakika tatu za kujitetea katika kikao cha mtandaoni. Akizikosa, mradi ndiyo kwaheri. Basi akavaa silaha zake: juu blauzi iliyonyooshwa pasi, chini gauni la kulalia, maana kamera haifiki kiunoni.

Lo! Mkurugenzi, Simba wa Vikao, Bwana wa Kwa-Kumalizia, alipokamata usemi hakuuachia. Dakika hamsini na ushei alihutubia jinsi ofisi inavyowathamini akina mama, na hakuna mama hata mmoja aliyepata nafasi ya kukohoa. Alisema “kwa kumalizia” mara nne. Zikasalia dakika tano kikao kifungwe.

Hapo mtoto begani, shujaa wa miezi minne, naye akaanza hotuba yake. Mama akampigapiga mgongoni, akambembeleza kwa jina analomwita siku zote, kwa kuwa amerithi jina la babu yake mzaa mama.

“Baba, umesema vya kutosha tangu asubuhi. Nyamaza sasa, baba yangu, mama naye aseme kidogo.”

Kipaza sauti kilikuwa wazi.

Nyuso kumi na mbili ziliganda kwenye skrini, na mwenye tai akainama kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Shujaa wetu alipong’amua alichokifanya, aibu ilimpanda mpaka masikioni, na samahani ikamfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini akiomba radhi, si zitaliwa hata hizo dakika zilizobaki? Akaimeza.

Mkurugenzi akakohoa. “Basi,” akasema kwa sauti ya chini. “Mama aseme.”

Naye akasema! Mtoto begani, alitaja kila bomba na kila bonde, akaonyesha mahali ambapo mchoro wa mwenye tai uliyataka maji yapande kilima yenyewe. Hakuna aliyemkatiza. Mradi ukabaki mikononi mwake, na mtoto akashangilia kwa kucheua maziwa juu ya ile blauzi.

Basi andikeni, enyi waandishi wa mihtasari, kwa wino usiofutika, vizazi visome: siku ya Jumanne, saa tano kasoro dakika moja, mwanamke alimaliza sentensi yake kikaoni.