Mtunza Makoti wa Tamasha la Bia

Jumanne, 22 Januari

Theluji tena. Maji ya jikoni yameganda. Chai, mkate, redio.

Asubuhi Alwyn Cragg kapiga simu. Hatimaye! Tangu tulipokuwa madereva wa mabasi hapa Ormsdale, kila mwaka tunakwenda pamoja kwenye Tamasha la Bia za Majira ya Baridi. Ukumbi wa manispaa, meza iliyo karibu na kipasha joto, mimi na yeye tu. Mwaka jana alinikumbuka siku yenyewe, saa chache kabla. Kwa hiyo safari hii nilijipanga. Mtu akikupata kirahisi anakuzoea. Nikamwambia sina hakika, kuna watu wa Leeds wamenialika.

Simjui mtu yeyote Leeds.

Nilitegemea anibembeleze kidogo. Akasema sawa bwana, usijali, ataenda na Clifford Pilling.

Clifford Pilling! Muuza mazulia mstaafu. Ana tai yenye picha za mapipa. Bia huinusa kwanza, halafu anafumba macho kama yuko kanisani.

Nilibaki na simu mkononi muda mrefu. Kisha likanijia wazo. Tamasha linatafuta wahudumu wa kujitolea. Nitasimama kwenye mapipa. Kila mwenye kiu sharti aje kwangu. Alwyn atanikuta na nyundo ya kufungulia mapipa mkononi, watu wananiita kwa jina langu. Clifford abaki na tai yake.

Jumatano, 23 Januari

Nimekwenda kujiandikisha. Mkuu wa mapipa ni Glenys Rostron, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mwashi. Mapipa yamekwisha kulazwa kwenye vichanja vyake, kimya, kama wagonjwa wodini. Akauliza kama nimewahi kuhudumia bia ya pipa. Nikasema tangu ujana. Akauliza bia hai ni nini. Nikasema ni bia ambayo haijafa.

Alinitazama. Kisha akanieleza polepole kwamba bia hii haijachujwa wala kutiwa gesi, bado inachacha humo humo ndani ya pipa, na ukiisumbua inakasirika. Nikamwambia ndicho nilichomaanisha.

Kanipanga kwenye makoti.

Nimepewa fulana ya wahudumu. Inanibana. Mgongoni imeandikwa NIULIZE MIMI. Nilipofika nyumbani niliivaa nikajitazama kwenye kioo, nikageuka huku na huku. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mke wangu Pauline angecheka. Alikwenda kwa dada yake Blackpool kupumzisha mgongo, wiki moja tu. Mwaka wa nne huu. Ule mgongo lazima ulikuwa na hali mbaya sana.

Alhamisi, 24 Januari

Tamasha limefunguliwa. Ukumbi umejaa, madirisha yana ukungu, watu wanatafuna pai za nyama ya nguruwe na mayai ya siki. Mimi niko kwenye kijichumba karibu na mlango. Watu wananyoosha koti bila kunitazama usoni, kama vile wanalitundika kwenye msumari. Walioniuliza jambo wote waliuliza choo kiko wapi.

Alwyn alifika na Clifford. Alwyn akashangaa, akauliza vipi wale wageni wa Leeds. Nikasema barabara imefungwa. Clifford akavua koti lake la sufu ya ngamia, akanisihi nisilitundike karibu na koti lenye manyoya ya mbwa. Lilikuwepo moja tu. Nikalitundika hapo hapo.

Mlango ukiwa wazi kidogo naiona meza yetu. Wamekaa karibu na kipasha joto. Alwyn alikuwa anacheka mpaka anafuta macho. Kuna hadithi moja tu inayomchekesha hivyo, ya siku niliyopeleka basi zima la wastaafu kwenye mji ambao si wenyewe. Hadithi yangu! Na mimi sipo.

Alasiri nikapata habari njema. Glenys aliwaambia wahudumu wake kuwa pipa la Makaa ya Bibi limechelewa njiani, linapumzishwa, na litafunguliwa kesho mchana. Ni moja tu. Ndiyo bia nyeusi ambayo mimi na Alwyn huanza nayo kila mwaka. Glasi ya kwanza ya pipa lile Alwyn ataipokea kutoka mkono huu.

Ijumaa, 25 Januari

Nieleze kwa utulivu.

Wahudumu walipokwenda kula, nilimwomba bibi mmoja ashike makoti. Nikaingia nyuma ya vichanja, nikachukua nyundo na koki, nikaliendea pipa la Makaa ya Bibi. Nimeona wakifanya mara nyingi. Unaweka koki kwenye kizibo cha mbele, unagonga mara moja, kwa nguvu, bila woga.

Sikuwa na woga. Nilichokosa ni kujua kwamba kwanza unatoboa pipa juu ili pumzi itoke.

Koki ilinipita sikioni. Bia ikaifuata. Iligonga dari, ikashuka juu ya picha ya meya wa zamani, juu ya trei ya mayai ya siki, juu yangu. Nikajaribu kuziba tundu kwa kiganja, ikatokea pembeni na kumpata mwenyekiti wa tamasha. Ukumbi wote ukasimama. Halafu wakashangilia. Ni mara ya kwanza watu wengi hivyo kunitazama kwa pamoja.

Glenys aliliziba kwa kidole gumba. Hakunifokea. Aliniambia tu nirudi kwenye makoti, na kwamba kilichobaki mle ndani sasa ni tope. Ningependa zaidi angefoka.

Nilikaa kwenye kijichumba nikitetemeka. Fulana imenigandia mwilini. Nikafikiria kuvaa koti la mtu. Ndipo akaja Alwyn, amevua sweta lake, na glasi mbili za ile bia, nyeusi na chafu kama maji ya mtaro. Kasema Glenys ameanza kuigawa bure. Akanipa sweta, akanipa glasi, akaegemea mlango. Tukanywa. Ilikuwa chungu na tamu, kama kila mwaka.

"We Norris," akasema, "hao watu wa Leeds wapo kweli?"

Nikasema barabara bado mbaya.

"Nilikupigia kwa sababu nilitaka twende wote, bwana. Ungesema ndiyo tu."

Nikamuuliza kama anataka koti lake.

Akasema hapana. Akasema Jumapili niende kwao kula chakula cha mchana, mkewe Moira anachoma nyama. Kisha akashusha sauti. "Clifford naye atakuwepo. Mke wake alifariki Oktoba. Akirudi nyumbani hana hata wa kumfungulia mlango, ndiyo maana namtembeza."

Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Alwyn alipoondoka nilitoa koti la ngamia kwenye manyoya ya mbwa, nikalipangusa kwa mkono mpaka likawa safi. Clifford alipokuja kulichukua alisema asante, Norris. Kumbe jina langu analijua.

Jumamosi, 26 Januari

Tamasha limemalizika kwa amani. Glenys hakuniruhusu hata kubeba glasi tupu.

Nimenyoosha shati la kesho. Nimenunua maua ya Moira. Nikaiwaza ile meza, watu wanne, nyama, viazi, moto. Nilifurahi mpaka nikaimba nikiosha vyombo. Kisha nikaanza kufikiri, na nikifikiri situlii. Kesho nikienda kama nilivyoalikwa nitakuwa mgeni wa pili tu, yule wa bia darini. Clifford atakuwa na huzuni yake. Mimi nitakuwa na nini?

Sasa hebu kiti kibaki wazi. Nyama iko mezani, mimi sipo. Alwyn atamtazama Moira. Watasema jamani, Norris yuko wapi? Watavaa makoti waje kunifuata, hata Clifford. Nitaingia pale katikati yao, nimeletwa!

Ni mpango mzuri. Sioni kasoro.

Jumapili, 27 Januari

Nilikuwa tayari mapema. Shati, koti, viatu, maua mapajani. Nimekaa kwenye kiti cha karibu na mlango ili wasigonge sana.

Mchana simu imelia. Nikaiacha ilie, wapate wasiwasi vizuri. Ikalia tena, muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimeukalia mkono wangu ili usiinyanyue. Ikakatika.

Gari likasimama nje. La jirani.

Nimekula mkate na jibini juu ya goti, bila kuvua koti, makombo nimeyapangusa yasionekane. Sasa giza linaingia. Simu haijalia tena, na hiyo ni dalili nzuri, maana yake wameshatoka nyumbani. Moira huchelewa kutafuta funguo.

Viatu sijavua.